Masinde Muliro: Kura iliyompokonya uwaziri

Juni 11, 1975 ilikuwa Jumatano. Siku hiyo Bunge la Kenya lilipiga kura ambayo serikali ya Mzee Jomo Kenyatta haikuzoea kushindwa, nayo ikashindwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Miongoni mwa wale 62 alikuwamo mtu ambaye, kwa desturi zote za serikali, hakupaswa kuonekana upande ule: Waziri wa Ujenzi, Masinde Muliro, mbunge wa Kitale Mashariki. Pamoja naye walikuwamo mawaziri wasaidizi wawili, John Keen na Peter Kibisu. Wote watatu walifutwa kazi bila kukawia.

Vijana wengi hulijua jina la Muliro kutokana na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoko Kakamega, au kwa uwanja wa michezo wa Kanduyi mjini Bungoma. Wazee wa Trans Nzoia na Bungoma humkumbuka kwa mambo ya mashamba. Wanasiasa wanapomtaja humtaja kama mmoja wa wazee wa FORD, waliorejesha mfumo wa vyama vingi. Yote hayo ni kweli, lakini kitendo kilichomwonyesha alivyokuwa hakikuchukua zaidi ya dakika chache, na hakikuhitaji hotuba.

Masinde Muliro alizaliwa mwaka 1922 katika kijiji cha Matili, upande wa Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Elimu aliifuata mbali na kwao. Alisoma St Peter's College mjini Tororo, Uganda, kisha mwaka 1949 akasafiri hadi Afrika Kusini kujiunga na Chuo Kikuu cha Cape Town. Alifika huko mwaka mmoja tu baada ya chama cha National Party kuingia madarakani na kuanza kutunga sheria za ubaguzi wa rangi, moja baada ya nyingine, zote kwa kufuata taratibu za bunge na kwa kura zilizohesabiwa vizuri. Mwanafunzi mweusi aliyeishi katika nchi hiyo miaka ile hakuhitaji kufundishwa kwamba bunge laweza kuwa chombo cha dhuluma kama linavyoweza kuwa chombo cha haki. Alirejea Kenya mwaka 1954 akiwa na shahada, na akiwa na mke aliyemwoa hukohuko kusini. Akaajiriwa kufundisha, kwanza Alliance Girls High School, kisha chuo cha walimu cha Siriba huko Maseno.

Nchi aliyoikuta ilikuwa katika hali ya hatari. Vyama vya kitaifa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku, na viongozi wao walikuwa kizuizini. Hata hivyo Machi 1957 serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika, kwa mara ya kwanza, kuwachagua wenyewe wajumbe wanane wa Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa ajabu. Si kila mtu mzima aliyeweza kupiga kura, na waliopiga hawakuwa sawa: mwenye elimu, mapato au utumishi wa kutosha aliweza kupewa kura mbili, hata tatu, ilhali jirani yake alikuwa na moja au hana kabisa. Muliro, mwalimu wa miaka 34, aliwania kiti cha Nyanza Kaskazini na kumshinda W.W.W. Awori, aliyekuwa tayari ndani ya baraza hilo.

Wenzake saba walikuwa Tom Mboya wa Nairobi, Jaramogi Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, Lawrence Oguda wa Nyanza Kusini, Ronald Ngala wa Pwani, Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, Bernard Mate wa Mkoa wa Kati na James Muimi wa Ukambani. Wanane hao waliikataa katiba ya Lyttelton waliyochaguliwa chini yake, wakakataa na nyadhifa za uwaziri walizopewa hadi Waafrika waongezewe viti. Mkakati huo ulizaa matunda. Kabla ya mwaka huo kwisha, Waziri wa Makoloni Alan Lennox-Boyd alikubali viti sita zaidi, na Waafrika waliochaguliwa wakawa 14. Ni vyema jambo hilo likumbukwe, kwa kuwa ndilo lililomfunza Muliro mapema kwamba uwaziri ni kitu kinachoweza kukataliwa.

Umoja wa wanane haukudumu. Mwaka 1959 Muliro alikuwa miongoni mwa viongozi wa Kenya National Party, chama kilichotaka kuwaingiza watu wa rangi zote, nao Odinga, Mboya na wenzao wakawa na kundi lao la Kenya Independence Movement. Baada ya mkutano wa kwanza wa Lancaster House mwanzoni mwa 1960, makundi hayo yakazaa vyama viwili vikubwa. KANU kiliundwa Kiambu. KADU kiliundwa Ngong mwezi Juni. Ngala akawa kiongozi, Muliro naibu wake na Moi mwenyekiti. Hofu ya KADU ilikuwa kwamba jamii kubwa zingewameza wadogo mara tu Mwingereza atakapoondoka, na dawa waliyopendekeza ni majimbo.

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU kilipata viti 19 na KADU 11. KANU kilikataa kuunda serikali kabla Kenyatta hajaachiliwa. KADU, kwa msaada wa Michael Blundell na wenzake, kilikubali, na Muliro akawa Waziri wa Biashara, Viwanda na Mawasiliano. Uamuzi huo uliwaletea KADU lawama nyingi, na lawama hizo hazikuwa bila msingi: mtu aliyekataa uwaziri mwaka 1957 ili kuibana serikali ya kikoloni sasa aliupokea kutoka kwa serikali hiyohiyo. Wenye kumtetea husema Kenyatta aliachiliwa Agosti mwaka huohuo, wakati KADU kikiwa serikalini. Mjadala huo haujaisha, wala hauwezi kuisha hapa.

Ndani ya KADU yenyewe kulikuwa na jeraha, na jeraha hilo liliitwa Kitale. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya ardhi iliyotengewa Wazungu. Reli ilifika Kitale mwaka 1926 na wilaya ikawa ghala la mahindi. Waliolima mahindi hayo kwa mikono yao walikuwa Waafrika walioishi mashambani kama maskwota, wengi wao wakiwa Wabukusu waliotoka upande wa pili wa Mto Kamukuywa na maeneo ya jirani. Uhuru ulipokaribia, swali likawa nani atarithi. Wabukusu walitaka Trans Nzoia iwe sehemu ya Magharibi. Wakalenjin, wakiongozwa na Moi, walisema ni Bonde la Ufa. Muliro na Moi walikuwa viongozi wa chama kimoja, wakiketi meza moja London kutetea katiba moja ya majimbo, huku kila mmoja akijua kwamba mpaka wa jimbo la mwenzake ulipita katikati ya shamba analolitaka. Trans Nzoia ilibaki Bonde la Ufa, na mpaka leo iko huko. Wabukusu waliingia kwa njia nyingine: kwa kununua ardhi, kwa mashirika na miradi ya makazi, na Muliro ndiye aliyekuwa mtetezi wao mkuu katika jambo hilo.

Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU kilishinda, na Muliro akaingia Bunge la uhuru akiwa mbunge wa Trans Nzoia, upande wa upinzani. Kwa mwaka mmoja na nusu KADU kilikuwa ngao ya katiba ya majimbo, maana vifungu vyake vikuu havingebadilishwa bila wingi mkubwa wa kura. Lakini mbunge mmoja baada ya mwingine alihama, na serikali ikazikausha fedha za majimbo. Novemba 10, 1964 Ngala alisimama Bungeni na kutangaza kwamba chama kimevunjwa. Muliro alivuka pamoja na wenzake. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakaanza kufutwa.

Hapa ndipo wanaomsifu Muliro bila kipimo wanapopaswa kutulia kidogo. Hakubaki peke yake upande wa pili. Mwaka 1966 Odinga na Bildad Kaggia walipotoka KANU na kuunda KPU, yeye hakutoka. Alibaki ndani ya KANU, na baada ya uchaguzi wa 1969, ambao KPU kilipigwa marufuku kabla yake, aliingia katika Baraza la Mawaziri kama Waziri wa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii. Hakuwa mwanasiasa wa kelele. Hakuwa Martin Shikuku, aliyeweza kulitikisa Bunge kwa hoja moja ya nidhamu, wala Jean-Marie Seroney, wakili aliyeijua kanuni kuliko waliotaka kumnyamazisha. Alikuwa mtu wa kujadiliana, mwenye sauti ya mwalimu, aliyeamini kwamba mengi hupatikana ukiwa ndani kuliko ukiwa nje.

Na kwa mbunge wa mashambani imani hiyo ina uzito wake. Kiti cha Kitale Mashariki kilikuwa kiti cha wakulima. Shida zao zilikuwa hati za ardhi, mikopo ya miradi ya makazi iliyokuwa ikidaiwa, mbegu, bei ya gunia la mahindi, na barabara za udongo ambazo msimu wa mvua ulizigeuza tope. Mbunge wa nyuma aliweza kuuliza maswali kuhusu mambo hayo na kujibiwa kwa ahadi. Waziri aliweza kufanya zaidi. Baada ya uchaguzi wa 1974 Kenyatta alimpa Muliro Wizara ya Ujenzi, yaani barabara, madaraja na majengo ya serikali. Kwa wapiga kura wa Kitale Mashariki hapakuwa na wizara bora kuliko hiyo. Tingatinga zilikuwa chini ya mtu wao.

Ndipo akauawa J.M. Kariuki.

Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alikuwa amewahi kuwa katibu wa Kenyatta na waziri msaidizi, kisha akawa mkosoaji mkuu wa serikali kuhusu ardhi na pengo kati ya matajiri na maskini. Jumapili, Machi 2, 1975, alionekana mara ya mwisho akiondoka hoteli ya Hilton jijini Nairobi pamoja na maafisa wa polisi. Kesho yake mwili ulipatikana katika vilima vya Ngong. Kwa zaidi ya wiki moja taifa liliambiwa mengine. Ulienezwa hata uvumi kwamba alikuwa Zambia. Mwili wake ulipotambuliwa katika mochari ya jiji, hasira iliwatoa wanafunzi wa chuo kikuu barabarani, na Bunge likaamua kwamba halitawaachia polisi peke yao kuchunguza mauaji ambayo polisi wenyewe walishukiwa kuhusika nayo.

Machi 14 iliundwa Kamati Teule ya wabunge. Mwenyekiti wake alikuwa Elijah Mwangale, mbunge wa Bungoma Mashariki, kijana wa Kimilili, kule kule alikotoka Muliro. Kamati ilifanya kazi kwa miezi isiyozidi mitatu, ikasikiliza mashahidi waliokuja na wengine waliokataa kusema, na Juni 3 ripoti ikawasilishwa Bungeni. Iliwalaumu polisi kwa kuficha ukweli na kutaja maafisa waliopaswa kuchunguzwa zaidi. Imesimuliwa mara nyingi kwamba kabla ya kuwasilishwa majina mawili ya watu wa karibu sana na Ikulu yaliondolewa. Hata ikiwa imepunguzwa hivyo, ripoti ilikuwa nzito kuliko serikali ilivyoweza kuibeba.

Mjadala ulianza. Tangu Julai 1974, kwa amri ya Mzee Kenyatta, Bunge lilikuwa limetakiwa kujadiliana kwa Kiswahili, amri iliyowahangaisha baadhi ya wabunge waliozoea kujificha nyuma ya Kiingereza. Lakini safari hii vita vilikuwa vya neno moja tu. Hoja iliyokuwa mbele ya Bunge ilitaka ripoti ikubaliwe. Serikali ilileta marekebisho: Bunge lisiikubali, bali liijue tu, yaani litambue kwamba ripoti ipo. Kwa msomaji wa leo tofauti hiyo yaweza kuonekana ya kitabuni. Haikuwa hivyo. Kuikubali ripoti ni Bunge kusema kwamba yaliyoandikwa humo ni msimamo wake, na kwamba serikali inadaiwa hatua. Kuijua ni kuiweka rafuni.

Mara nyingi mambo ya Bunge huamuliwa kwa sauti. Spika huuliza, wanaokubali huitikia, wanaopinga huitikia, na upande uliovuma zaidi hutangazwa mshindi. Kura ya namna hiyo haina majina. Waziri anaweza kufumba mdomo na asijulikane. Lakini wabunge wakidai kura ihesabiwe, kengele hulia, milango hufungwa, na kila mmoja hutembea kwa miguu yake kwenda upande wake, akahesabiwa na jina lake kuandikwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Ndivyo ilivyokuwa Juni 11.

Serikali ilikuwa na sababu ya kutulia. Kanuni ya uwajibikaji wa pamoja iliwafunga mawaziri wote na wasaidizi wao: akishaamua Rais na Baraza lake, kila mwenye cheo hupiga kura upande huo au hujiuzulu. Mtu angeweza pia kutafuta udhuru wa kutokuwapo. Bunge la wakati huo lilikuwa na viti 158 vya kuchaguliwa na 12 vya wabunge wateule. Waliopiga kura walikuwa 121. Hata tukiondoa kiti cha marehemu mwenyewe, karibu wabunge 50 hawakuhesabiwa upande wowote. Wengine bila shaka walikuwa na sababu za haki. Lakini siku kama ile kikombe cha chai kilikuwa kimbilio la wengi.

Muliro hakutafuta kikombe cha chai. Alikwenda upande wa wale waliotaka ripoti ikubaliwe, naye Keen akaenda, na Kibisu akaenda.

Hesabu yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini. Marekebisho ya serikali yaliangushwa kwa kura 62 dhidi ya 59. Lau wale watatu wangetii na kupiga kura na serikali, idadi zingegeuka juu chini: serikali 62, wapinzani wake 59. Lau Muliro peke yake angerudi upande wa wenzake barazani, ingekuwa 61 kwa 60, na serikali ingeshindwa bado. Lau wawili kati ya watatu wangerudi, serikali ingeshinda kwa kura moja. Kwa hiyo hakuna kati yao aliyeweza kusema, siku ile au baadaye, kwamba kura yake ilikuwa tone baharini. Na kumbe pia hakuna aliyejua, alipokuwa akitembea, kwamba hesabu ingekuwa nyembamba kiasi hicho. Muliro alipiga kura ile akijua gharama yake kwa hakika, bila kujua kama ingenunua chochote.

Katiba ya wakati huo ilisema kwamba Baraza la Mawaziri linawajibika kwa pamoja mbele ya Bunge. Kwa tafsiri ya Ikulu, maana yake ilikuwa kwamba mawaziri wasimame pamoja dhidi ya Bunge likitaka kuwauliza. Kwa tafsiri nyingine, ambayo maneno yenyewe yanairuhusu kabisa, waziri ni mbunge kwanza, na Bunge ndilo bwana. Muliro hakuacha kitabu cha kueleza tafsiri yake. Aliacha jina lake katika orodha.

Uwaziri ulikwisha hapo. Hakurudi tena katika Baraza la Mawaziri, si chini ya Kenyatta wala chini ya Moi, mwenzake wa KADU, aliyekuwa Makamu wa Rais siku ya kura na Rais miaka mitatu baadaye. Wapiga kura wa Kitale Mashariki nao walilipa sehemu yao. Tangu siku ile waziri wa barabara hakuwa mtu wao, na mbunge aliyekosana na Ikulu hakuwa na mlango wa kubisha. Si haki kusema kwamba wote walifurahi. Mkulima ambaye lori lake limekwama njiani ana haki ya kuuliza mbunge wake alipata nini kwa ushujaa wake, na wapinzani wake kule nyumbani hawakuacha kuliuliza swali hilo.

Ripoti nayo? Ilikubaliwa, na haikutekelezwa. Hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji ya J.M. Kariuki. Serikali, badala ya kuyajibu maswali, iliwageukia waulizaji. Oktoba 1975 Shikuku alisema Bungeni kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama KANU kilivyouawa. Alipotakiwa kuthibitisha, Seroney, aliyekuwa Naibu Spika na akiongoza kikao, aliamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Siku chache baadaye polisi waliwakamata wote wawili katika majengo ya Bunge lenyewe, wakawekwa kizuizini hadi Desemba 1978. Wabunge wengine wakosoaji walifungwa au kuzuiliwa katika miaka miwili iliyofuata. Kura ya Juni 11 ikawa miongoni mwa mara za mwisho, kwa muda mrefu, Bunge la Kenya kuishinda serikali katika jambo ambalo serikali ililijali kweli.

Muliro hakukamatwa. Labda Kenyatta aliona kumnyang'anya wizara kunatosha. Labda upole wake ulimwokoa. Safari yake ya uchaguzi baada ya hapo ilikuwa ya kupanda na kushuka: alipata kuwa nje ya Bunge, akapata kurudi. Kenya ilifanywa rasmi nchi ya chama kimoja mwaka 1982. Kufikia 1988 KANU kilikuwa kinateua wagombeaji wake kwa mlolongo, wapiga kura wakijipanga nyuma ya picha ya mtu wao mchana kweupe, na aliyepata asilimia 70 ya mlolongo hakuhitaji tena kura ya siri. Mtu aliyeanza siasa mwaka 1957, katika uchaguzi ambao wengine walipewa kura tatu, alikuwa ameishi kuona uchaguzi ambao mlolongo mfupi ungeweza kutangazwa kuwa mrefu.

Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 69, alijiunga na Odinga, Shikuku, George Nthenge, Philip Gachoka na Ahmed Bamahriz kuunda FORD. Waliianzisha kama vuguvugu la kushinikiza, si chama, kwa sababu chama kingine hakikuruhusiwa na sheria. Novemba mwaka huo walijaribu kufanya mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na viongozi wakakamatwa. Lakini wakati ulikuwa umegeuka. Wafadhili walisitisha misaada mipya, na Desemba kifungu cha 2A cha katiba kikafutwa.

Kilichofuata ndicho kilichomfanya Muliro atafutwe na kila mtu. Mara FORD ilipokuwa chama, viongozi wake walianza kugombania nani atakuwa mgombeaji wa urais. Odinga alikuwa mwenyekiti wa muda. Kenneth Matiba, aliyetoka kizuizini akiwa mgonjwa na kutibiwa Uingereza, alirejea nyumbani Mei 1992 na kupokewa na umati mkubwa. Kambi mbili zikatokea, na kati yao akasimama mzee wa Kitale. Hakuwa na jeshi la wafuasi kama Odinga wala fedha kama Matiba. Alichokuwa nacho ni kwamba kila upande uliweza kuketi naye, na hakuna aliyeweza kusema kwamba aliwahi kuuza kura yake ili abaki waziri. Wapo waliomwona kuwa ndiye angekubaliwa na kambi zote.

Agosti 1992 alikuwa London, katika safari ya kutafuta fedha za chama. Alirejea Nairobi Ijumaa, Agosti 14. Alipokwisha kutua katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta alianguka, na akafariki kabla ya kufika nyumbani. Maswali kuhusu kifo hicho yaliulizwa wakati ule na yangali yanaulizwa upande wa magharibi, kama yanavyoulizwa kuhusu vifo vingine vya wanasiasa wa Kenya.

Majuma machache baadaye FORD iligawanyika rasmi: Ford-Kenya ya Odinga na Ford-Asili ya Matiba. Katika uchaguzi wa Desemba 29, 1992 Matiba alipata takriban asilimia 26 ya kura za urais, Mwai Kibaki 19, Odinga 17. Moi alishinda kwa takriban 36.